Kuwahi kuiva siyo utamu

Najua nimepotea hapa barazani, mitihani imenikaba koo, lakini hili la nyanya siwezi kulinyamazia maana limeshanigombanisha na chumba kizima.

Wanaonijua wanajua nimepanga karibu na Mkwawa hapa Iringa, na nyuma ya chumba nina viroba tisa vya udongo na samadi. Muhula huu nilipanda aina tatu, viroba vitatu kila aina: Tanya, Moneymaker, na vile vinyanya vidogo vya kienyeji ambavyo bibi yangu kule Muheza huwa anakausha mbegu zake kwenye gazeti. Zote nilisia tarehe 10 Machi, miche nikaihamishia kwenye viroba tarehe 7 Aprili. Maji sawa, samadi sawa. Basi kila aliyepita pale, hata kabla hajaonja, swali lake lilikuwa moja: "Ipi itawahi?"

Hapo ndipo ninapobisha. Kuwahi ni kipimo cha muuzaji. Mkulima wa Ilula, anayepakia matenga kwenye fuso la kwenda Dar, ana haki ya kukipenda. Anayefika sokoni wakati nyanya ni chache anapata bei, na kila wiki ambayo mmea unakaa shambani ni wiki nyingine ya kupiga dawa ya bakajani, na sasa kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini 2014. Huyo anahitaji nyanya inayoiva haraka, tena ngumu, isiyopasuka njiani. Sina ugomvi naye hata kidogo. Lakini jamani, mimi sipeleki tenga popote! Nyanya yangu inasafiri hatua kumi, kutoka kirobani mpaka kwenye bakuli la kachumbari. Kwa nini nipimie kwa mzani wa mwenye fuso?

Tena kichekesho ni kwamba hata kwa kipimo chao walishindwa. Kinyanya cha kwanza cha bibi kiliiva tarehe 3 Juni, siku 57 tangu kuhamishwa. Tanya, ambayo wote walikuwa upande wake, ilifuata tarehe 22 Juni. Moneymaker ndiyo usiseme, nimechuma mbili za kwanza tarehe 6 Julai, na hii baridi ya Iringa imechangia. Siyo muujiza. Tunda dogo halina mengi ya kujaza, linamaliza mapema. Lakini nilipowaonyesha wakasema, "Ah, hizo siyo nyanya, hizo ni ndulele." Kumbe kuwahi kwenyewe hakukuwa hoja. Walitaka iwahi NA ionekane kama ya sokoni.

Nikasema sawa, tuonje. Watu sita, macho yamefungwa kwa khanga, vipande bila chumvi. Watano walichagua ya bibi. Mmoja Moneymaker. Tanya haikupata hata kura moja, ngozi yake utadhani umetafuna mfuko. (Aliyechagua Moneymaker ni rumeti wangu Mpemba, ambaye mpaka leo anaziita tungule na anasema sisi wa bara hatujui kula.)

Sababu ipo, siyo ushabiki. Tanya ni fupi, inatoa maua kwa mkupuo kisha inaacha kurefuka, kwa hiyo majani machache yanalisha matunda mengi kwa wakati mmoja. Sukari inatoka kwenye majani, sasa gawanya mwenyewe. Hizi mbili nyingine zinaendelea kupanda juu ya kijiti na kuongeza majani. Halafu kuna hili: mwaka 2012 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science kwamba aina nyingi za kisasa zilichaguliwa ziive rangi moja, zisiwe na bega la kijani, na kwa kufanya hivyo zikapoteza uwezo wa tunda kujitengenezea sehemu ya sukari yake. Rangi ikapendeza sokoni, mdomoni pakapungua kitu. Vinyanya vya bibi vina bega la kijani mpaka siku za mwisho.

Sasa niwe mkweli, kwenye mchuzi Tanya aliwakimbiza wote. Nyama nyingi, maji kidogo, dakika chache rojo limesimama. Vya bibi ukivipika ni mbegu na maganda, na kukata vinyanya arobaini kwa ajili ya sufuria moja ni adhabu. Kwa hiyo nikipanda tena nitaacha kiroba kimoja cha Tanya, cha mchuzi tu. Moneymaker ndiyo namwacha, siyo kwa ubaya wa ladha ila muhula haumsubiri. Narudi nyumbani na boksi la nyanya mbichi kumi na nne, zikaivie kwenye basi, na nyanya ya kuivia kwenye boksi haifikii ile iliyoivia kwenye mti.

Kinachoniuma ni mbegu. Tanya nikiikosa naenda duka la pembejeo, pakiti ipo. Hivi vya bibi hakuna duka linaloviuza. Pale mtaani kwao walikuwa wanavipanda wengi, sasa amebaki yeye, kwa sababu mchuuzi akija anavipita. Na kuvitunza ni kazi ndogo tu: unakamua, unaosha, unakausha kivulini. Nyanya hujichavusha yenyewe, mwakani inatoka ileile, siyo kama hizi za F1 ambazo ukirudia mbegu zake kila mche unatoka na sura yake. Lakini bibi ana umri, na mwaka huu aliniambia magoti hayamruhusu kuinama bustanini.

Mimi nimejaza kijiko kimoja, kipo kwenye bahasha. Jana usiku nimerudi kutoka kujisomea nikamkuta rumeti, yule yule wa tungule, ametandaza mbegu za ndulele zangu nyuma ya karatasi yake ya majaribio. Nikajifanya sijaona.