"Kila Mtu Ashuke na Kitambulisho": Haki Yetu na ya Mwananchi Barabarani

Vijana wenzetu, na nyinyi watu wa mashirika ambao huwa mnatusoma kimya kimya, leo tuongee kuhusu rodibloki. Hatusemi zile za mpakani. Mpakani kila mtu anaelewa: unaingia nchi ya watu, lazima uulizwe unatoka wapi. Tunasema zile za ndani kabisa ya nchi, njiani kati ya mji na mji, ambapo basi linasimamishwa, askari anapanda, anatembeza macho kwenye nyuso, halafu anasema: "Kila mtu ashuke na kitambulisho." Sema ukweli, huwa ni kila mtu? Mama wa hapa na mtoto mgongoni anaachwa akae. Mzee wa kanzu anaambiwa shuka. Sisi, hata kabla hatujaambiwa, tumeshasimama.

Tuweke msimamo wetu mapema ili msituchoke. Kizuizi cha ndani kinachochagua watu kwa sura kinamnyang'anya mwananchi haki yake kwanza, halafu ndio kinatufikia sisi. Kwa hiyo haki yetu na ya mwananchi pale barabarani ni jambo moja, na tumekosea kuliongelea kama ni shida ya wakimbizi peke yao.

Kwa wale ambao hawajaishi Kakuma, safari yetu iko hivi. Ukitaka kwenda Kitale, Eldoret au Nairobi, unahitaji pasi, ile karatasi tunayoita muvumenti. Unaenda kwenye ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi, unaeleza sababu: hospitali, shule, biashara, mahojiano ya ubalozi. Unaonyesha barua. Unangoja. Ukibahatika unapewa karatasi yenye picha, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Ukikosa, unaambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu unaambiwa mkubwa ametoka. Halafu njia yenyewe: Lodwar ni karibu kilomita 120, ndio uende Lokichar, Kainuk, Kapenguria, mpaka Kitale. Katikati ya hapo hatuhesabu tena tunasimamishwa mara ngapi.

Chini ya sheria ya wakimbizi ya 2006, mtu aliyekaa nje ya eneo lililotengwa bila ruhusa alikuwa ametenda kosa, faini mpaka shilingi 20,000 au kifungo mpaka miezi 6, au vyote viwili. Sisi tunaofanya kazi ya insentivu tunajua 20,000 ni jasho la miezi mingapi. Sheria mpya ya 2021 ilianza kazi 2022, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaosema kambi zitageuka makazi ya kuishi pamoja na wenyeji. Maneno mazuri, tumeyapigia makofi. Lakini makanga wa basi bado anakuuliza kwanza: "Uko na muvumenti? Usinichelewesheee gari."

Mwaka jana tulikuwa watatu kwenye basi moja. Pasi zetu zilikuwa sawa, tarehe sawa, muhuri upo. Kwenye kizuizi kimoja, hatutasema ni kipi, tukashushwa na watu wengine kama wanane. Kati yao alikuwepo mzee mmoja mfanyabiashara, amezaliwa Wajir, ana kitambulisho cha Kenya mkononi. Askari akakigeuza mbele na nyuma.

"Wewe, toa kadi ya UN."

"Afande, mimi ni Mkenya."

"Babu yako anaitwa nani? Chifu wenu ni nani?"

Mzee akajibu yote. Akajibu kwa upole, vile mtu mzima anajibu akiwa ameshajibu swali hilo maisha yake yote. Mwishowe akatoa mia mbili. Sisi pia tulitoa. Mwenye pasi, asiye na pasi, mwenye nchi, asiye na nchi: bei ilikuwa moja. Tukarudi garini na yule mzee akacheka, akasema, "Leo mmeniona mkimbizi mwenzenu." Hatukucheka sana.

Sasa tusome katiba yenyewe, juu wengi wetu tunaogopa kitabu ambacho hatujawahi kukifungua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 39, inaanza kwa kusema kila mtu ana uhuru wa kutembea. Angalia neno hilo: kila mtu. Ni mbele kidogo, ikifika kwenye haki ya kuingia nchini, kubaki na kuishi popote, ndio inasema kila raia. Walioandika walijua tofauti ya maneno hayo mawili, na wakaweka kila moja mahali pake. Kifungu cha 27 nacho kinakataza serikali kumbagua mtu yeyote kwa rangi, kabila au asili. Na cha 49 kinasema ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, na upelekwe kortini mapema iwezekanavyo, bila kupita saa 24, isipokuwa kama saa hizo zinaishia wakati korti imefungwa. Hiyo ni haki ya aliyekamatwa, bila kuuliza ana pasipoti gani.

Mtasema haki hizo zina mipaka. Ndiyo, zina mipaka, kifungu cha 24 kinasema hivyo. Lakini kinataka mpaka huo uwekwe na sheria na uwe na sababu inayoeleweka kwa mtu mwenye akili timamu. Hasira ya askari aliyesimama juani tangu asubuhi sio sheria. Hata korti zenyewe zimevutana kwa jambo hili. Julai 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilifuta amri ya serikali ya kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini kwenda Kakuma na Dadaab. Mwaka uliofuata ikatoka amri inayofanana nayo, na safari hiyo mahakama haikuizuia. Kwa hiyo hatuji hapa kuwadanganya kwamba sheria iko upande wetu kila siku. Tunachosema ni kwamba kuna la kubishania, na watu wamebishana, na wengine wameshinda.

Jambo hili si geni kwa Wakenya wenyewe. Wakoloni walitunga sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akalazimika kubeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila kipande huwezi kutoka shambani kwa mzungu. Harry Thuku aliposimama kupinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kumdai Nairobi wakapigwa risasi, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Mpaka leo mzee Mkenya akisema "kipande" anamaanisha kitambulisho. Neno limebaki. Sisi tukikunja muvumenti na kuitia kwenye plastiki ili jasho lisifute muhuri, huwa tunawaza kile kikopo.

Na uhuru ulipokuja, kuna Wakenya ambao kipande kiliwarudia. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wachujwe upya, mmoja mmoja, wapewe kadi maalum ya rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni raia. Raia wa nchi, kwenye ardhi ya babu zao! Daraja la mto Tana pale Garissa limekuwa mfano wa jambo hilo hilo kwa miaka mingi: abiria wanashuka, wanapanga laini, wanaonyesha karatasi ili waendelee na safari ndani ya nchi yao. Tena kuna vijana Wakenya, maelfu, ambao wazazi wao wakati wa njaa waliwaandikisha Dadaab ili wapate chakula. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, kompyuta ikasema: alama za vidole zako ziko kwa wakimbizi. Wengine walikaa miaka bila karatasi ya upande wowote. Kijana kama huyo akifika kizuizini atatoa nini? Februari 2025 rais alitangaza kuondoa ule mchujo maalum wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Ni hatua, tunaikubali.

Sasa kuna swali ambalo hatutalikwepa: usalama. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wetu. Anayetuambia tusahau hilo hatufai. Wengi wetu tulikimbia bunduki, hatuna sababu ya kuzipenda. Lakini mmoja wa wale washambuliaji alikuwa Mkenya, amesoma sheria chuo kikuu, mtoto wa chifu. Mtu kama huyo anapita kizuizi kinachouliza karatasi bila shida yoyote. Na kizuizi kinachofunguka kwa mia mbili kinafunguka kwa kila mwenye mia mbili. Nani ambaye hawezi kupita? Ni yule mama aliyebeba mtoto mgonjwa na hana kitu. Huyo ndiye anarudishwa. Kama kazi ya pale ni usalama, basi hongo ndiyo adui wa kwanza wa usalama, kabla yetu sisi.

Wenzetu waliopelekwa Marekani wanadhani huku nyuma tu ndio kuna mambo haya. Wajue kwamba kule pia kuna vizuizi vya uhamiaji ndani ya nchi, mpaka karibu kilomita 160 kutoka mpakani. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya kule ilisema askari wa doria hawezi kusimamisha gari kwa sababu tu watu waliomo wanafanana na Wameksiko. Mwaka mmoja baadaye, 1976, mahakama hiyo hiyo ikasema kwenye kizuizi cha kudumu gari linaweza kusimamishwa bila shaka yoyote juu yake. Yaani haki ikatolewa kwa mkono mmoja na ikapunguzwa kwa mwingine. Hata hivyo, kupekua gari pale kunahitaji idhini yako au sababu ya kweli ya kushuku kosa, na kunyamaza si kosa, ingawa wanaweza kukuchelewesha. Uongo ndio usijaribu. Na wewe ambaye hujapata uraia, ukiwa na miaka 18 na kuendelea, sheria ya kule inakutaka utembee na karatasi zako za uhamiaji. Mwambie na mama.

Hapa karibu pia tunatofautiana. Uganda, kwa sheria yao ya 2006, mkimbizi anatembea nchini kwa uhuru, na mipaka lazima iwe ya maana. Ndugu zetu wa Nakivale wanapanda gari mpaka Kampala, sisi tukiwasikia tunawaonea wivu. Tanzania, sheria ya 1998 inamfunga mkimbizi ndani ya kambi mpaka apewe kibali. Ndugu zetu wa Nyarugusu wakivuka kilomita nne wako mashakani. Nchi zote hizi ziko kwenye Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, Kongo iliingia 2022, Burundi ilishaingia 2007. Mfanyabiashara kutoka Bukavu mwenye pasipoti anafika Nairobi na mzigo wake. Jirani yake aliyekimbia usiku bila kiatu, ndiye anaulizwa ruhusa ya kwenda Lodwar. Elezeni, kama mnaweza.

Kwa hiyo tunaomba nini? Kwa watu wa mashirika: mnapita vizuizi hivyo hivyo kwa gari nyeupe yenye bendera, na hamshuki. Hatuwalaumu. Lakini kwenye ripoti zenu muvumenti inaandikwa kama mambo ya usafiri tu, karibu na bei ya mafuta. Iandikeni kwenye ukurasa wa haki. Mgonjwa wa rufaa akirudishwa njiani, hilo si "changamoto ya usafiri". Na mnapokutana na wakubwa wa kaunti, wakaribisheni pia wenyeji, Waturkana na wafanyabiashara kutoka kaskazini mashariki, waseme nao wanayoyaona.

Kwa sisi vijana: safiri na pasi halisi, usinunue ya bandia, hiyo ni jela ya bure. Piga kopi, acha moja nyumbani. Ukishushwa, uliza kwa heshima, "Afande, kosa langu ni gani?" Swali hilo ni haki yako, liulize bila kupandisha sauti. Ukikamatwa, omba simu. Kituo cha Sheria na wale wa Refugee Consortium of Kenya wanasaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria. Malalamiko kuhusu polisi yanapokelewa na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Mwananchi jirani yako garini akionewa, usiangalie dirishani ukishukuru kwamba leo si wewe.

Tumeanza daftari. Liko kwenye meza yetu kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Andika tarehe, saa, gari ilikuwa inaenda wapi, ulionyesha karatasi gani, uliambiwa nini, ulitoa ngapi. Mwenyeji akitaka kuandika, karibu, kalamu ni ya wote. Jina lako si lazima. Ukijua kusoma na kuandika, njoo pia umwandikie asiyejua.