Umeme wa Dizeli Sumbawanga: Nani Ataukagua Udongo?

Kwa miaka mingi Sumbawanga imeishi nje ya gridi ya taifa. Umeme wake umetoka Zambia, na mitambo ya dizeli ya TANESCO imeongezea megawati chache. Mwaka 2024 Zambia, inayotegemea zaidi nguvu za maji, ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, nasi tukakumbushwa udhaifu wa utegemezi huo. Njia ya umeme ya kilovoti 400, ambayo Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo mwaka 2018, inakusudiwa kutuunganisha na gridi kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma. Kigoma ilitutangulia mwaka 2022, na majenereta yakaanza kuzimwa.

Tusiyalaani majenereta. Yamewasha taa katika wodi za wazazi na kuzungusha mashine za kusaga mahindi. Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko anafundisha kwamba nishati ya mafuta iondolewe hatua kwa hatua, na anakubali kwamba katika kipindi cha mpito ni halali kuchagua lililo na madhara madogo zaidi. Hata hivyo, lenye madhara madogo nalo lina madhara. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Aidha, kila mtambo wa namna hii huzalisha oili chafu, ambayo ni taka hatarishi, ingawa wengi wetu huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa bila kuwaza.

Mafuta yanayomwagika hupenya udongoni na yaweza kufikia visima. Sehemu kubwa ya maji ya Ufipa huteremka hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kinachoingia humo hakina pa kwenda.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, ukaguzi baada ya kuanza, na inasimika kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Mpango wa kufunga mradi nao ni sehemu ya tathmini. Msimamizi ni NEMC, wakati EWURA hutoa leseni za uzalishaji wa umeme.

Hapa ndipo penye hatari. Mtambo unaonguruma huonekana na kusikika, hivyo hukaguliwa. Uliozimwa, au uliobaki wa akiba tu, husahaulika haraka, pamoja na matangi yake na udongo ulio chini yake. Siku ya kuwasha gridi kutakuwa na ngoma na hotuba. Ni nani atakayeuliza habari za udongo? Swali hilo si shutuma dhidi ya yeyote. Ni haki ya raia, na jibu lake laweza kuwa jema.

Wazee wetu Wafipa walilima kwa intumba, matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani ili udongo ule kabla ya kumlisha mkulima. Walijua kwamba ardhi hudai. Kitabu cha Mwanzo nacho, katika sura ya pili, kinamweka mwanadamu bustanini awe mkulima na mlinzi kwa pamoja.

Basi, wapendwa waamini, Laudato Si' (na. 183) inawapa wenyeji nafasi ya pekee mezani pa mashauriano. Sheria nayo imeweka kamati za mazingira za vijiji, mitaa na kata. Kamati zetu za Haki na Amani ziungane nazo, ziandike kwa heshima na kuuliza mambo matatu: ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, oili chafu hupelekwa wapi, na mpango wa kufunga mitambo unasemaje kuhusu udongo na maji. Tuulize kabla majenereta hayajanyamaza.