Kabureta ya nduthi si ya kubahatisha

Kama unaendesha nduthi mtaani, hesabu ya kila siku unaijua: mafuta kwanza, mengine baadaye. Ndiyo maana injini ikianza kukohoa, wengi hukimbilia bisibisi. Kila jamaa stejini ana lake: "Fungua kidogo hapo!" Unafungua, inanguruma fiti, unatabasamu. Baada ya siku chache unashangaa mbona pesa zote zinaishia petroli.

Msimamo wetu ni huu: jifunze kurekebisha kabureta mwenyewe, lakini acha kubahatisha.

Kabureta huchanganya hewa na petroli. Kipimo cha kuchoma mafuta yote ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Mafuta yakizidi, unaona moshi mweusi, na hela zako zinatokea egzosi. Hewa ikizidi, injini inachemka kupita kiasi na pistoni inaweza kuharibika.

Sasa utajuaje? Chomoa plagi uitazame. Masizi meusi ni mafuta mengi. Nyeupe kama chokaa ni hewa nyingi. Kahawia hafifu, uko sawa. Halafu kagua filta ya hewa kabla ya kugusa skrubu yoyote, maana filta chafu nayo huleta moshi mweusi. Na usiitoe eti ndio nduthi ivute vizuri. Vumbi litakula injini.

Ukiona kabureta ndiyo yenye shida, endesha kwanza injini ipate moto, kisha uizime. Kaza skrubu ya mchanganyiko polepole huku ukihesabu mizunguko, mpaka iguse tu. Ukilazimisha, ncha yake itaharibika. Andika hesabu hiyo, rudisha skrubu ilipokuwa, kisha washa. Zungusha robo kwa robo, ukingoja kidogo kila mara, mpaka injini itulie na isikike laini. Ukikwama, rudi kwa hesabu uliyoandika.

Usikopi mizunguko ya rafiki. Nduthi iliyowekwa sawa Mombasa, kando ya bahari, ikiletwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hukutana na hewa nyepesi. Mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, hata kama hakuna aliyegusa kitu.

La mwisho halina mjadala. Kazi hii ifanyie nje. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Usiwashe nduthi ndani ya keja hata kama mvua inanyesha, wala usifungue kabureta karibu na jiko au mtu anayevuta sigara. Wadogo zako wanaolala chumba hicho hawana habari na skrubu zako.

Fundi mzuri bado utamhitaji. Ila ukienda kwake ukijua plagi yako ina rangi gani, hatakuuzia kabureta mpya bure.