Likizo Si Lazima Kuvuka Bahari



Shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Juni, watoto wetu huanza kuitaja Unguja. Wanataka kupanda boti na kucheza mchangani kama wenzao. Sisi tunaoishi huku Kilolo, upande wa Ilula, tunajua hesabu ya nyumbani: mbolea, sare, nauli ya watu sita. Basi tulijibu, "Mwakani." Tukajibu hivyo miaka miwili. Mwaka wa tatu binti yetu mkubwa hakuuliza tena. Hapo ndipo tulipostuka, maana alikuwa amebakiza miezi michache tu aende bweni.

Tuliketi na baba yao tukapanga siku mbili za karibu.

Siku ya kwanza tulikwenda Isimila, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Huko kuna korongo lenye nguzo ndefu zilizochongwa na maji na upepo, na zana za mawe walizotumia watu wa kale sana. Watoto walikimbia chini kwenye mchanga, wakapiga kelele zikawarudia. Vaeni viatu vya kufunga, chukueni maji na kofia. Kiangazi ndicho kizuri, maana mvua ikinyesha maji hupita humo.

Siku ya pili tulimchukua na bibi yao. Tulianzia Lugalo, mahali tunapopita kila tuendapo Iringa bila kusema neno. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani, na kiongozi wake, Zelewski, akauawa. Kisha tukaenda Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa hadi ilipotekwa mwaka 1894. Katika makumbusho limo fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Bibi alisimulia aliyoyasikia kwa wazee wake. Wajukuu, ambao nyumbani humkatiza, walinyamaza kimya.

Jambo moja tunawasihi. Pikeni jana yake: viazi, mayai ya kuchemsha, maandazi. Baba naye abebe kikapu. Mama anayeshinda jikoni siku ya matembezi hajaenda likizo, amehamisha jiko tu.

Unguja ni nzuri, na Mungu akijalia tutafika. Lakini watoto hawangoji. Kila "mwakani" tunayoitamka, wao wanakua. Jioni ile tukirudi, binti yetu alilala begani petu kama alipokuwa mdogo, akauliza, "Mama, Desemba tutakwenda wapi?"

Tulifurahi kuulizwa tena. Nanyi, kabla shule hazijafungwa, chagueni siku moja, mwambieni baba, na muitimize.