Asiyeijua Haki Yake Hawezi Kuisamehe

Mintarafu ya suala la haki, sisi wanafunzi wa fasihi aghalabu huridhika kulijadili ndani ya riwaya na tamthilia, tukiwaachia wanasheria yale ya mahakamani. Katika makala haya nanuia kudai kwamba ipo dhana moja ya kisheria inayotuhusu kuliko tunavyodhani, nayo ni ile ya mtu kuiacha haki yake kwa hiari. Sheria huiruhusu, lakini kwa masharti: sharti mwenye haki ajue kwamba anayo, na sharti adhamirie kuiacha. Sahihi peke yake haitoshi. Ilhali karatasi nyingi za mahakama zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, ujuzi huo humfikia mwananchi wa kawaida kupitia kinywa cha mkalimani. Mwaka wa 2018, mkalimani huyo nilikuwa mimi.

Babu yangu alifariki bila kuacha wasia wala mjane. Aliacha eka 8 za shamba na watoto wanne, wana watatu na binti mmoja. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haibagui baina ya binti na mwana. Katika hali kama hiyo mali hugawanywa sawa kwa sawa. Mahakama ya Rufani ilisisitiza usawa huo mwaka wa 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, ilipokataa hoja kwamba binti apunguziwe fungu kwa kuwa huenda akaolewa. Kwa hivyo shangazi yangu, aliyeolewa Mombasa miaka mingi, alikuwa na eka 2.

Katika shughuli ya mirathi, jamaa hutakiwa kutoa kauli yao mara mbili. Mara ya kwanza huridhia mmoja wao awe msimamizi wa mali ya marehemu, na kuridhia huko hakumpunguzii mtu hata shubiri ya ardhi. Mara ya pili huja baadaye, kwa kawaida baada ya miezi sita au zaidi, msimamizi anapoiomba mahakama ithibitishe mgao. Hapo ndipo mtu anaweza kuachia fungu lake. Karatasi hizi mbili zinafanana sana machoni pa asiyezizoea.

Shangazi aliletewa ile ya pili. Tulikuwa katika afisi ya wakili, baba mkubwa akitazama saa, nami nikaombwa nimsomee kwa kuwa ndiye “mwanachuo” wa pale. Nikamwambia, “Shangazi, hapa wakubali baba mkubwa ashughulikie mambo ya shamba.” Akatia sahihi. Jedwali la mgao lilikuwa nyuma ya karatasi hiyo, na niliona kwamba mbele ya jina lake hapakuwa na kitu. Nililiona, nikadhani ndivyo mambo yafanywavyo.

Wapo watakaosema kosa langu ni la maadili, si la lugha. Sikubaliani nao kikamilifu. Hebu tuyatazame maneno tuliyo nayo. Kukubali hakubainishi mtu anatoa nini. Kuridhia kunasifu hali ya moyo, na mtu aweza kuridhia jambo alilofichwa nusu yake. Kukana ni kusema haki haikuwa yako tangu hapo. Kuacha, au kuachilia, ndilo neno nililolisikia zaidi kwa wenzangu wa kitivo cha sheria, lakini lina udhaifu: mtu huacha mwavuli garini pasi na kujua. Neno linalobeba masharti yote mawili ya sheria ni kusamehe. Anayesamehe deni analijua deni, anamjua mdaiwa, na anakusudia kutolidai. Huwezi kusamehe usichojua kwamba unadai.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba neno hili limelemewa na dhambi na toba. Hata hivyo, mke wa Pwani husamehe mahari, mwenye duka husamehe deni, na serikali ilipofuta riba na adhabu za kodi mwaka wa 2023 watu wengi waliuita mpango ule msamaha wa kodi. Matumizi yapo tayari. Hatuhitaji kubuni istilahi itakayofia katika orodha za warsha.

Mwaka jana nilikwenda Mombasa nikamweleza shangazi yote, pamoja na ukweli kwamba sheria inairuhusu mahakama kubatilisha usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo muhimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hatampeleka kaka yake mahakamani. “Sasa ndiyo nimesamehe,” alisema. “Ile ya kwanza mliniibia.” Nikamwuliza kama nami amenisamehe. Akanijibu kwamba mimi sikuchukua shamba, kwa hivyo langu ni jambo jingine, na bado analifikiria.

Tangu mwaka wa 2010, Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sielewi basi kwa nini fomu hizi mbili, ambazo hutiwa sahihi na wajane na mabinti kila siku ya kazi, zisiwe na matini ya Kiswahili inayosema waziwazi: fungu lako ni hili, na ukitia sahihi hapa umelisamehe. Idara zetu zinafundisha tafsiri. Wahadhiri wetu husimamia tasnifu za istilahi mwaka baada ya mwaka. Kazi hii haihitaji ruzuku.

Pamoja na wanafunzi wawili wa sheria, nimeanza kuitafsiri fomu ile ya pili, nami nitaileta rasimu katika kikao kijacho cha chama ili ikosolewe. Shangazi ameomba aisome kwanza. Amesema iandikwe kwa herufi kubwa, na jedwali liwekwe mbele.