AMPLIFAYA MOJA, MAGITAA MAWILI



Kanisa likifanya harambee ya vyombo, hapa Kitale au kule Bungoma, swali huwa moja: "Pasta, pesa zinatosha amplifaya moja tu. Tuko na kijana wa gitaa la umeme na mzee wa gitaa kavu. Tununue gani?"

Jibu langu ni hili: nunueni ile inayomfaa mzee. Kijana ataweza kuitumia. Ile ya kijana, mzee hataiweza.

Sikiliza sababu. Gitaa la umeme hunasa sauti kwa sumaku zilizo chini ya nyuzi, na amplifaya yake huikamilisha sauti hiyo. Mara nyingi ina spika ya inchi 12 bila twita, na spika hiyo hukata sauti nyembamba za juu. Kwa gitaa la umeme huo ndio utamu wenyewe. Lakini gitaa kavu lina sauti yake tayari, imo ndani ya mbao. Linataka chombo cha kuibeba tu, bila kuibadilisha. Ukilichomeka kwenye amplifaya ya umeme, linasikika kama limefunikwa blanketi. Ukiongeza sauti, linaanza kupiga mluzi.

Sasa geuza. Chomeka gitaa la umeme kwenye amplifaya ya gitaa kavu, yenye spika na twita. Sauti itatoka safi, na zile nyuzi za sifa za kuchezesha zitasikika vizuri. Kijana akitaka mkwaruzo, anunue pedali inayoiga spika ya gitaa. Bila uigaji huo, mkwaruzo ukipita kwenye twita utakuwa kama nyuki ndani ya debe. Sidanganyi kwamba itakuwa sawasawa na amplifaya yake. Kuna moto kidogo ataukosa. Lakini atasikika.

Mzee je? Mikono yake inajua omutibo, mtindo ambao George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliupigia gitaa kavu hapa Magharibi: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba. Mtindo huo ukizibwa, hakuna kinachobaki. Baada ya Jumapili tatu mzee anarudi kukaa benchi la nyuma. Hakuna aliyemfukuza. Kanisa lilinunua tu mashine isiyomjua.

Mpendwa, hapo ndipo vyombo vinakuwa jambo la kiroho. Soma 1 Mambo ya Nyakati 15:20-21. Daudi alipolileta sanduku la agano, wengine walipewa vinanda na wengine vinubi, kila kundi na sauti yake. Paulo naye katika 1 Wakorintho 14:7 anatufundisha kwamba ala zisipotofautiana sauti, msikilizaji hatambui kinachopigwa. Na katika 1 Wakorintho 12:22 anasema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo tunavyovihitaji. Basi tupime chombo kwa yule ambaye sauti yake hupotea kwa urahisi. Mwenye nguvu hakosi njia.

Wazee wa kanisa, kabla ya kulipa angalieni haya:

1. Iwe na njia mbili, kila moja na kitufe chake cha sauti, ili wawili hawa wapige pamoja.
2. Iwe na twita. Wati nyingi peke yake zisiwadanganye.
3. Someni volti nyuma yake. Mitumba mingi ya Marekani ni ya volti 120, na umeme wetu ni 240. Bila transfoma, itaungua.
4. Nendeni dukani na magitaa yote mawili, na wapigaji wote wawili. Wapige kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Na kama kanisa tayari lina miksa na spika nzuri zenye twita, huenda hamhitaji amplifaya kabisa. Kisanduku cha DI kitalipeleka gitaa kavu kwenye miksa, na ile pedali italipeleka la umeme. Sadaka inayobaki ikaezeke mabati.

Kijana, ukiona wamenunua ya mzee, usinune. Keti karibu naye, umwombe akufundishe lile dole gumba.

Mtumie ujumbe huu kiongozi wako wa sifa kabla hajaenda dukani. Mungu awabariki. Amina.