Kampuni changa zataka wabia, si wadai tu

Vijana wengi wa Tanzania wanaohitimu vyuoni hivi sasa hawangoji kuajiriwa. Wapo wanaotunga programu za simu za kumwunganisha mkulima na soko, na wapo wanaosindika matunda au kuunda mitambo midogo ya umeme wa jua. Juhudi hizo zastahili sifa. Lakini wengi wao hukwama mahali pamoja, napo ni kwenye mtaji wa kwanza.

Si haki kuzitupia benki lawama zote. Fedha zinazokopeshwa na benki ni amana za watu wengine, na hivyo hapana budi idai dhamana na hesabu za miaka iliyopita. Kampuni yenye umri wa miezi sita haina nyumba wala shamba lenye hati. Ina wazo, na kazi iliyoanza.

Serikali nayo imefanya jitihada. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Hata hivyo, mkopo usio na riba ungali deni. Kampuni ambayo bado inatafuta wateja ikianza kulipa marejesho, hulipa kwa kula mtaji wake yenyewe.

Nchini Marekani pengo hilo huzibwa na watu binafsi waitwao malaika, jina lililotoka katika majumba ya michezo ya kuigiza ya New York. Malaika hakopeshi, bali hununua hisa. Kampuni ikifa, hasara ni yake. Ikistawi, hupata fungu lake. Mwezi Agosti 1998 Andy Bechtolsheim aliwaandikia Larry Page na Sergey Brin hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google, kampuni ambayo ilikuwa bado haijaandikishwa. Iliandikishwa mwezi uliofuata.

Hapa nchini desturi hiyo haijaota mizizi, na sababu mojawapo ni ya kihistoria. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi, wakiwamo watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati na vya juu, kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Sharti hilo lilikuwa na shabaha yake, nayo ni kuzuia cheo kisigeuzwe chombo cha kujitajirisha. Lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini miaka 24 ilitosha kumfanya mtumishi aione hisa kuwa shughuli ya watu wengine. Hata leo, akipata akiba, aghalabu hununua kiwanja.

Matokeo yake ni kwamba kijana hutafuta mtaji ng'ambo. Ndiyo maana kampuni nyingi zinazofanya kazi barani Afrika zimeandikishwa Delaware, Marekani, ambako sheria zake zinafahamika kwa mwenye fedha. Mgeni huyo hana kosa, kwani analinda mali yake. Mwenyeji ndiye aliyekaa pembeni.

Yafaa basi watumishi na walimu wenye akiba wafikirie kuungana, watano au kumi, wawe wabia wa kampuni wanayoifahamu na ya kijana wanayemfahamu. Fedha hiyo isiwe ada ya watoto wala ya mkopo. Iwe ile ambayo mtu akiipoteza hatalala njaa. Tena wawe macho. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 huiruhusu kampuni binafsi kuwa na wanahisa wasiozidi 50, na huikataza kuuzia umma hisa zake. Waliopoteza fedha katika upatu wa DECI, uliopigwa marufuku mwaka 2009, waliahidiwa faida ya hakika. Mwuza hisa mwaminifu haahidi hivyo. Huitaja hatari ya hasara kabla hajapokea fedha.

Vijana nao wana wajibu wao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni iandikishwe, fedha zake zisichanganywe na za mfukoni, na hisa za kila mtu ziwe katika maandishi. Wala mwasisi asitoe nusu ya kampuni kwa fedha ya kwanza anayoiona, maana atakapohitaji ya pili hatakuwa na cha kutoa.

Neno la mwisho ni kwa maofisa. Mtumishi aliyenunua hisa katika kampuni inayoomba leseni au zabuni ofisini kwake hana budi kutamka hivyo na kujitenga na uamuzi. Hatari iliyohofiwa mwaka 1967 haikufa mwaka 1991. Ubia utawafaa vijana na Taifa iwapo tu utafanywa hadharani.